Kabla ya Kisu na Baada ya Kisu: Historia ya Kutolewa Kizazi kwa Ajili ya Saratani

Watu wasimuliapo habari za upasuaji, aghalabu husifu mkono na kisu. Husema kuwa daktari fulani alithubutu kukata mahali ambapo hapakukatwa na mtu kabla yake, na mgonjwa akapona. Sifa hiyo ni haki yake, lakini ni nusu ya habari. Kisu hufanya kazi kwa saa chache tu. Kabla yake zipo siku za kumtayarisha mgonjwa, na baada yake zipo wiki za kumrudishia nguvu. Katika siku hizo mtu aweza kufa kama awezavyo kufa mezani pa daktari, na pengine kwa urahisi zaidi.

Jambo hili laonekana wazi katika historia ya kupasua tumbo la mwanamke na kutoa kizazi chenye saratani. Tangu karne ya kumi na tisa madaktari walijua pa kukata. Walichokosa ni elimu ya namna ya kumfikisha mwanamke kwenye meza akiwa na nguvu za kustahimili, na elimu ya namna ya kumwondoa pale hata arudi kwa watu wake akitembea. Elimu hiyo ilipatikana kidogo kidogo, katika nchi nyingi, na sehemu yake kubwa ililipiwa kwa maisha ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Saratani ya kizazi ni ya namna mbili kubwa. Moja huanza katika shingo ya kizazi, yaani mlango wake unaoelekea ukeni; nyingine huanza katika utando wa ndani wa kizazi chenyewe. Zote mbili zina ishara moja kuu, nayo ni damu isiyokuwa ya wakati wake, hasa kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Zamani, ugonjwa wa shingo ya kizazi ulipoachwa, ulikwenda mwendo wake wote: damu, maji yenye harufu mbaya, maumivu ya kiuno, mkojo kuziba, na mwishowe kifo. Mgonjwa aliteswa mara mbili, kwa maradhi na kwa aibu, maana harufu iliwafukuza watu chumbani mwake. Kwa hiyo madaktari waliothubutu kutoa kizazi hawapaswi kulaumiwa upesi kwa ukali wa tiba yao. Walikabili ugonjwa ambao haukuwa na mwisho ila mmoja.

Mlango wa tumbo ulifunguliwa kwanza kwa sababu nyingine. Katika Desemba 1809, mjini Danville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, Ephraim McDowell alimpasua Jane Todd Crawford, mwanamke aliyekuwa na uvimbe wa ovari, yaani kifuko cha mayai kilicho kando ya kizazi. Mwanamke huyo alikwenda kwa daktari juu ya farasi, safari ya maili 60 hivi. Alipasuliwa nyumbani kwa daktari bila dawa ya kumlaza, kwa muda wa dakika 25, na uvimbe uliotolewa ulikuwa na uzito wa ratili 22 na nusu. Siku ya tano daktari alipokwenda kumtazama alimkuta amesimama anatandika kitanda chake mwenyewe. Alishangaa, akamwonya asifanye hivyo tena. Baada ya siku 25 Bibi Crawford alipanda farasi akarudi kwake, akaishi mpaka mwaka 1842. Onyo la daktari lilikuwa la huruma, lakini mgonjwa ndiye aliyekuwa mbele ya wakati wake. Ilipita zaidi ya miaka 130 kabla ya matabibu kukubali kwa jumla kuwa alivyofanya mwanamke yule ndivyo inavyopasa kufanywa.

Kizazi chenyewe kilitolewa kwa njia ya tumbo kwa mara ya kwanza kwa bahati, si kwa kukusudia. Mwaka 1843, mjini Manchester nchini Uingereza, Charles Clay alifungua tumbo akidhani atakuta uvimbe wa ovari. Akakuta kizazi ndicho kilichovimba. Akakitoa, na mgonjwa akafa. Mwaka 1853, mjini Lowell katika jimbo la Massachusetts, Walter Burnham alikutwa na jambo lile lile, ila mgonjwa wake alipona. Hapana hata mmoja kati ya wagonjwa hao wawili aliyepasuliwa kwa saratani. Lakini tangu hapo ilijulikana kuwa mwanamke aweza kutolewa kizazi kwa njia ya tumbo na akabaki hai. Swali lililobaki lilikuwa ni kwa nini wachache walibaki hai na wengi wakafa.

Sababu ya kwanza iliyodhaniwa ilikuwa maumivu. Katika Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alionyesha hadharani kuwa mvuke wa etha waweza kumlaza mtu hata asisikie kisu. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu kwa wazazi. Dunia ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Lakini nusukaputi haikupunguza vifo vya tumbo kama ilivyotumainiwa. Ilimpa daktari muda mrefu zaidi wa kukata, na muda mrefu zaidi wa kuingiza mikono isiyo safi ndani ya mwili. Mgonjwa alilala kwa amani, akaamka kwa amani, kisha siku ya tatu au ya nne homa ikapanda, tumbo likajaa usaha, na akafa.

Adui huyo wa pili hakuonekana kwa macho. Mwaka 1847, mjini Vienna, Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi waoshe mikono yao kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vikashuka sana katika wodi yake. Wengi wa wakubwa wa wakati wake walimpinga. Mwaka 1867 Joseph Lister, aliyekuwa Glasgow, alitangaza njia yake ya kutumia asidi ya kaboliki kuua vijidudu katika vidonda. Mafundisho hayo yalikuwa mafundisho ya maandalizi. Yalimwambia daktari kuwa kazi yake haianzi anaposhika kisu, bali inaanza pale aoshapo mikono, na kwamba maisha ya mgonjwa yaweza kupotea katika beseni la maji kabla hayajafika mezani.

Ndipo ulipofika mwaka 1878. Tarehe 30 Januari, mjini Breslau, ambao leo waitwa Wrocław na umo nchini Poland, Wilhelm Alexander Freund alipasua tumbo la mwanamke kwa mpango uliofikiriwa tangu awali na kutoa kizazi chote kilichokuwa na saratani. Mgonjwa alipona upasuaji huo. Habari zilienea Ulaya kwa haraka na madaktari wengi wakafuata. Lakini matokeo yao yaliogofya: katika hesabu zilizokusanywa miaka iliyofuata, zaidi ya nusu ya wanawake waliopasuliwa kwa njia hiyo walikufa. Wengine walikufa kwa damu nyingi kupotea, wengine kwa usaha wa tumbo, wengine kwa kukatwa mirija ya mkojo ambayo hupita karibu sana na kizazi. Madaktari wengi wakaiacha njia ya tumbo wakarudia njia ya ukeni, ambayo Vincenz Czerny wa Heidelberg aliitengeneza upya. Njia hiyo iliua wachache zaidi, lakini haikumwezesha daktari kufika mbali pembeni, mahali saratani ilikokuwa imetambaa.

Wakati Ulaya ilipokuwa katika fadhaa hiyo, yalikuwako mambo yaliyofanyika katika Afrika ya Mashariki ambayo yafaa yawekwe kando ya habari za Breslau. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa safarini, alishuhudia mahali paitwapo Kahura, katika nchi ya Bunyoro, namna mganga alivyompasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Aliyaandika na kuyachapisha mjini Edinburgh mwaka 1884. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi hata akalegea. Kwa pombe hiyo hiyo mganga alinawa mikono yake na kuosha tumbo la mgonjwa. Baada ya mtoto kutolewa, mishipa iliyovuja damu ilichomwa kwa chuma cha moto. Mgonjwa aligeuzwa ili maji na damu vilivyobaki tumboni vimwagike. Kidonda kikafungwa kwa pini saba nyembamba za chuma na nyuzi za gome la mti, kikapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa kwa jani la mgomba. Pini ziliondolewa chache chache kwa siku mbalimbali. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga, na mama na mtoto walikuwa hai.

Habari hii ni ya uzazi, si ya saratani, wala kizazi cha mwanamke yule hakikutolewa. Hata hivyo yafaa kwa hoja yenyewe. Mganga wa Kahura hakuwa na kisu bora kuliko cha Freund. Alichokuwa nacho ni utaratibu uliokamilika wa kabla na wa baada: kulegeza mwili, kuosha mikono na ngozi, kuzuia damu, kutoa maji machafu, kufunga, kufunika, na kurudi kila siku chache kutazama. Mtu hatendi hivyo kwa kubahatisha mara moja. Ni dalili ya mazoea ya watu walioona, wakakumbuka, wakafundishana.

Katika Ulaya aliyeirudishia njia ya tumbo heshima yake alikuwa Ernst Wertheim, aliyezaliwa Graz mwaka 1864 na kufanya kazi Vienna. Wengine walikuwa wamemtangulia katika fikira hiyo, mathalani John Goodrich Clark wa Baltimore aliyetangaza upasuaji mpana wa namna hiyo mwaka 1895. Lakini Wertheim, kuanzia tarehe 16 Novemba 1898, aliufanya kuwa kazi ya maisha yake. Hakutoa kizazi peke yake. Alitoa pamoja nacho nyama za pembeni, sehemu ya juu ya uke, na tezi alizoziona zimevimba. Aliitafuta kwanza mirija ya mkojo akaiweka mbali na kisu. Mwaka 1911 alitoa kitabu cha habari za wagonjwa 500. Kitabu hicho hakikuficha hasara. Katika wagonjwa wa mwanzo zaidi ya theluthi moja walikufa kwa upasuaji wenyewe. Katika wa baadaye alikufa mmoja hivi katika kila kumi.

Ustadi wa mkono ulikuwa na sehemu yake katika mabadiliko hayo, lakini haukuwa peke yake. Mambo mengi yalikuwa yamekusanyika chumbani mwa upasuaji. Friedrich Trendelenburg alikuwa amefundisha kumlaza mgonjwa kichwa chini na nyonga juu, ili matumbo yasogee na kiuno kionekane. Njia hiyo ilitangazwa na mwanafunzi wake mwaka 1885. Katika majira ya baridi ya 1889 na 1890, William Halsted wa Baltimore aliagiza glovu za mpira kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton, aliyekuwa anaumizwa ngozi ya mikono na dawa ya kuua vijidudu. Glovu zilizonunuliwa kumhifadhi muuguzi zikaja kuwahifadhi wagonjwa. Kisha, mwaka 1901, katika mji ule ule wa Vienna alimokuwa Wertheim, Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu. Lakini kugundua jambo ni kitu kimoja, na jambo hilo kumfikia mgonjwa ni kitu kingine: benki ya damu ya kwanza ya hospitali nchini Marekani ilianzishwa Chicago mwaka 1937. Kwa miaka yote iliyopita katikati, mwanamke aliyefika mezani akiwa amekwisha poteza damu kwa miezi mingi alipasuliwa akiwa na damu chache, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kifo chake.

Wakati huo huo mshindani wa kisu alikuwa amezaliwa. Mwaka 1898, mwaka ule ule wa upasuaji wa kwanza wa Wertheim, Marie na Pierre Curie waligundua radiamu mjini Paris. Katika miongo iliyofuata mionzi yake ilitumiwa kutibu saratani ya shingo ya kizazi bila kufungua tumbo, na katika nchi nyingi upasuaji mpana ukaachwa. Uliporudi, mambo yalikuwa mapya. Mwaka 1944 Joe Meigs wa Boston aliandika kuutetea, na alikuwa na silaha ambazo Wertheim hakuzijua: damu ya kuongezea, dawa za kuua vijidudu ndani ya mwili, na nusukaputi iliyo salama zaidi. Sehemu za mwili zilizokatwa zilikuwa karibu zile zile. Kilichobadilika zaidi ni hali ya mwili ulioletwa mezani na ulinzi uliopewa baada yake.

Lakini lilibaki kosa moja la zamani, nalo lilikuwa kosa la huruma. Kwa miaka mingi mwanamke aliyepasuliwa tumbo alilazwa kitandani kwa wiki mbili au tatu bila kuinuka. Iliaminika kuwa kidonda kitapasuka akisimama. Kumbe alipokuwa amelala hivyo nguvu za miguu zilimwisha, mapafu yakajaa makohozi, na damu ikaganda katika mishipa ya miguu. Rudolf Virchow alikuwa amekwisha eleza katika mwaka 1856 kuwa donge la damu laweza kung'oka mguuni likasafiri mpaka mapafuni. Mwanamke aliyekwisha okoka na kisu, na usaha, na homa, aliweza kuketi kitandani siku ya kumi akiongea na ndugu zake, kisha akaanguka ghafula akafa. Mwaka 1899 Emil Ries wa Chicago aliwaambia madaktari wenzake kuwa wagonjwa wa tumbo waweza kuinuliwa mapema bila madhara, lakini wachache walimsikia. Ni katika miaka ya 1940 ndipo Daniel Leithauser wa Detroit alipolishika jambo hilo kwa nguvu. Na vita vya dunia vilikuwa vimefanya vitanda na wauguzi kuwa adimu, hata mazoea ya zamani yakalegea yenyewe. Mwaka 1975 uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Vijay Kakkar wa London ulithibitisha kuwa kiasi kidogo cha dawa ya heparini kabla na baada ya upasuaji hupunguza vifo vya damu iliyoganda mapafuni.

Habari za chakula nazo zilikwenda mwendo wa kupindukia, kisha zikarudi katikati. Mwaka 1946 Curtis Mendelson wa New York alieleza hatari iliyowapata wazazi waliotapika wakiwa katika nusukaputi, chakula kikaingia mapafuni mwao. Kutokana na hofu hiyo ikaenea amri kuwa mgonjwa asile wala asinywe kitu tangu usiku wa manane. Amri ilikuwa na sababu njema, lakini ilitiliwa chumvi. Mwanamke ambaye zamu yake ilifika alasiri alikaa na njaa na kiu saa kumi na tano au zaidi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa maji safi hupita tumboni upesi, na mwaka 1999 chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani kilitoa mwongozo wa kuruhusu maji mpaka saa mbili kabla, na chakula chepesi mpaka saa sita kabla. Miaka hiyo hiyo ya 1990 Henrik Kehlet wa Denmark alikuwa anayaunganisha mafundisho haya yote katika utaratibu mmoja: mgonjwa aelezwe mapema yatakayompata, asishindishwe njaa bure, maumivu yake yazuiwe kwa njia zaidi ya moja, alishwe upesi, na ainuliwe upesi. Hapana hata jambo moja kati ya haya lililo kubwa. Yote pamoja yalipunguza siku za kulala hospitali na taabu za baada ya upasuaji.

Liko pia jambo la kibofu, ambalo vitabu vya zamani vililitaja kwa haya. Upasuaji mpana hukata mishipa midogo ya fahamu inayokwenda kwenye kibofu, na mwanamke aliyepona saratani aliweza kubaki bila kuhisi haja ndogo au bila kuweza kuimaliza. Hidekazu Okabayashi wa Kyoto alieleza mwaka 1921 njia yake ya kutenganisha nyama za pembeni kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1961 Takashi Kobayashi wa Tokyo aliiendeleza kwa kusudi la kuiokoa mishipa hiyo. Kwa kazi ya madaktari hao wa Japani swali likageuka. Zamani swali lilikuwa kama mwanamke ataishi. Sasa likawa pia ni maisha gani atakayoishi.

Mwishoni mwa karne ya ishirini ikaja njia ya kutoboa matundu madogo tumboni na kuingiza kamera na vyombo vyembamba. Kidonda kilikuwa kidogo, maumivu machache, na mgonjwa akarudi nyumbani upesi. Wengi waliamini kuwa upasuaji wa kufungua tumbo umekwisha kazi yake. Mwaka 2018 matokeo ya uchunguzi wa wanawake 631 wenye saratani ya mapema ya shingo ya kizazi, waliogawanywa kwa kura katika njia mbili, yaliwashangaza waliotumaini hivyo. Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 96.5 kwa waliofunguliwa tumbo, na asilimia 86.0 kwa waliopasuliwa kwa matundu. Kwa saratani ya utando wa ndani mambo si hivyo. Kwa hiyo njia ya matundu imeonekana kuwa salama sawa na ya wazi. Lakini kwa shingo ya kizazi kidonda kikubwa kilirudishiwa nafasi yake. Kisha mwaka 2024 uchunguzi mwingine ulionyesha kuwa, uvimbe ukiwa mdogo, kutoa kizazi peke yake bila nyama pana za pembeni kwatosha, na taabu za kibofu huwa chache. Hivyo elimu hii huenda mbele na kurudi nyuma, na mwenye kuisoma hujifunza kutopenda jambo kwa upya wake wala kulichukia kwa ukongwe wake.

Basi mwanamke wa leo anayefunguliwa tumbo kwa saratani hupitia, katika siku chache, historia ya miaka mia mbili. Hupimwa damu yake na kuongezwa ikiwa ni chache: hiyo ni kazi ya Landsteiner. Huoshwa ngozi na kupewa dawa ya kuzuia vijidudu: hiyo ni kazi ya Semmelweis na Lister, na ya mganga wa Kahura pia. Huwekewa mpira wa mkojo mpaka kibofu kirudiwe na nguvu. Hudungwa sindano ya kuzuia damu isigande. Kesho yake muuguzi humshika mkono na kumwambia asimame, naye hufanya kwa kuamriwa lile ambalo Bibi Crawford alilifanya kwa kukatazwa. Kisha huambiwa asinyanyue mzigo mzito wala asifanye kazi za nguvu kwa muda wa wiki sita hivi. Kama ovari zake zimetolewa naye alikuwa bado katika umri wa hedhi, joto la ghafula, jasho la usiku na usingizi kupotea humjia kwa pamoja, mambo ambayo wengine huyapata polepole kwa miaka.

Wiki sita ni siku arobaini na mbili. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana hesabu yao iliyo karibu sana na hiyo. Mwanamke aliyejifungua hukaa arobaini. Hachoti maji, hapasui kuni, huogeshwa na kukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa, na wanawake wa ukoo huja kumshika mkono. Hapana daktari aliyewafundisha. Waliona kuwa mwili uliopasuka ndani wahitaji siku, na mwenye mwili hawezi kuzipata siku hizo asipopewa na wenziwe. Lakini desturi hiyo ilifungwa pamoja na mtoto. Mwanamke anayerudi kutoka hospitali na kovu refu tumboni, bila mtoto mkononi na bila kizazi, hana desturi inayomngoja mlangoni. Mwili wake una jeraha kubwa kuliko la mzazi wa kawaida, lakini mara nyingi hukuta ndoo iko palepale ilipoachwa. Pengine hukuta na maneno, maana ulimi wa watu ni mwepesi kumwita tasa mwanamke ambaye kizazi chake kilitolewa ili abaki hai, hata kama amezaa watoto sita kabla ya kuugua.

Jambo hili si dogo kwa nchi za pwani hiyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 wanawake 660,000 hivi walipatwa na saratani ya shingo ya kizazi duniani, na 350,000 hivi walikufa. Wengi mno kati ya waliokufa walikuwa wa nchi zenye mapato madogo au ya kati. Mjini Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 ilifanywa kuwa taasisi ya saratani mwaka 1996, na wagonjwa wa shingo ya kizazi wamekuwa kundi kubwa kati ya wanaoletwa hapo. Wengi hufika wakati ugonjwa umekwisha vuka mpaka ambao kisu chaweza kufuata, nao hutibiwa kwa mionzi na dawa. Kwa hao maandalizi yalichelewa kwa miaka, si kwa siku.

Kwa maana hiyo maandalizi yaliyo bora huanza mbali sana na chumba cha upasuaji. George Papanicolaou na Herbert Traut walionyesha mwaka 1943 kuwa ugonjwa waweza kutambuliwa kwa kutazama ute wa shingo ya kizazi katika darubini, kabla mwanamke hajahisi kitu. Harald zur Hausen alipata tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua kuwa unaletwa na virusi vya papiloma. Na chanjo ya virusi hivyo ilianza kutolewa kwa wasichana nchini Rwanda mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na hapa ukuta hujengwa katika mwili wa mwanamke.

Lakini hata chanjo ikienea, wako wanawake wengi waliokwisha zaliwa kabla yake, na miongoni mwao wako watakaofunguliwa tumbo mwaka huu na miaka ijayo. Historia iliyosimuliwa hapa yaonyesha kuwa kupona kwao hakumo mikononi mwa daktari peke yake. Kumo mikononi mwa mtoa damu, na muuguzi anayewainua kitandani, na mume atakayechota maji, na dada atakayepika uji, na jirani atakayezuia ulimi wake. Madaktari walihitaji zaidi ya miaka mia moja kujifunza sehemu yao ya siku za baada. Sehemu iliyobaki yawangoja watu wa nyumbani, nayo haihitaji chombo wala dawa ila kumpa mwanamke huyo arobaini yake.